Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Uwanja Wetu wa Gofu ya Visahani

Ndugu wanachama,

Hesabu za chama mtasomewa na mweka hazina, na daftari la wanachama liko kwa katibu. Taarifa hii inahusu uwanja wenyewe. Kazi kubwa ya kamati mwaka huu imekuwa moja: kuhakikisha mashimo yote 9, yaani njia ambazo mchezaji hurusha kisahani kutoka kituoni hadi kwenye kikapu cha minyororo, yanachezeka bila mtu aliyekuja bustanini kupumzika kulazimika kuinamisha kichwa. Bustani ni ya umma. Haina geti, na muuza karanga anayekatiza shimo la 2 ana haki sawa na mwenyekiti wa chama hiki. Anayesubiri ni mchezaji.

Mahali palipohitaji kazi zaidi ni shimo la 5, linalopakana na njia ya waenda kwa miguu. Mchezaji wa mkono wa kulia anayerusha kwa kuvuta mkono kutoka kifuani hukosea kwa namna mbili. Akichelewa kuachia, kisahani huenda kulia, tena kwa kasi yake yote. Akirusha polepole kuliko kisahani kinavyotaka, kinakata kushoto mapema, lakini hapo kasi imeshapungua. Kwa hiyo njia ya watu ikiwa kulia kwa mrushaji ina hatari kubwa kuliko ikiwa kushoto. Kwenye shimo la 5 ilikuwa kulia. Tumebadilisha ncha: kikapu kimehamia kilipokuwa kituo cha kurushia, na kituo kimehamia kilipokuwa kikapu. Umbali ni uleule, ila sasa kisahani kinachofika njiani ni kile kilichochoka.

Wanaotumia mkono wa kushoto, pamoja na wanaorusha kwa ubavu wa mkono wa kulia, makosa yao huenda kinyume. Hao warushe kisahani cha kumalizia tu, kile cha polepole cha kurushia karibu na kikapu, kwenye shimo hilo. Visahani vya masafa vimepigwa marufuku mashimo ya 5 na 6 kwa kila mtu, kwa sababu ukingo wake ni mwembamba na mgumu, na ukimpata mtoto usoni utamchana. Kisahani kikipotea njia, kundi zima lipige kelele "Kisahani!" papo hapo, bila kungoja kuona kitaangukia wapi. Na asitokee mtu wa kuharakisha mwenzake kwa kisingizio cha kanuni. Kweli kanuni inampa mchezaji sekunde 30 za kurusha, lakini hazianzi kuhesabiwa mpaka eneo la mbele liwe wazi.

Upepo nao unataka maneno, maana wanachama wapya wengi wanalaumu mkono wao pale ambapo wa kulaumiwa ni ziwa tunalopakana nalo. Asubuhi na mapema upepo mwepesi hutoka nchi kavu kwenda ziwani. Jua likishapasha ardhi, unageuka na kuvuma kutoka ziwani. Shimo la 4 linaelekea majini, kwa hiyo saa moja asubuhi unarusha upepo ukiwa mgongoni, na saa tisa alasiri unarusha ukiwa usoni. Hayo ni mashimo mawili tofauti. Upepo wa usoni hukiinua kisahani na kukigeuza upande wa kulia kwa mrushaji wa kulia: chukua kizito, kisichogeuka kirahisi, na ukirushe chini. Upepo wa mgongoni hukikandamiza na kukifanya kikate kushoto mapema: chukua chepesi kinachogeuka, na ukipe kimo. Isitoshe, ziwa letu liko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hewa hapa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam, hivyo kisahani kinaelea kidogo pungufu na kuanza kukata mapema zaidi. Mgeni kutoka pwani aambiwe hilo kabla hajaanza kubadilisha mkono.

Kuhusu kununua, namba 4 zinazoandikwa juu ya visahani vingi ni kasi, kuelea, kugeuka (kwenda kulia mwanzoni) na kukata (kwenda kushoto mwishoni), kwa mpangilio huo. Anayeanza achukue kasi ya 2 hadi 7. Kisahani cha kasi ya 12 katika mkono usio na kasi hiyo huanguka kushoto kabla ya kufika popote. Kuhusu uzito, kanuni inaruhusu gramu 8.3 kwa kila sentimita ya kipenyo, ndiyo maana kisahani cha sentimita 21 hakivuki gramu 174. Cha gramu 150 ni rahisi kwa mkono mchanga, lakini alasiri ya upepo kitamtesa.

Vikapu. Zamani wachezaji walilenga miti na nguzo, wakaishia kubishana kama kisahani kimegusa au la. Mmarekani Ed Headrick alimaliza ubishi huo miaka ya 1970 kwa kubuni kikapu cha minyororo, na mwaka 1976 akaanzisha PDGA, chama cha wachezaji wa kulipwa wa gofu ya visahani, ambacho kanuni zake ndizo tunazochezea. Mdomo wa kikapu uwe sentimita 82 kutoka ardhini, ukipishana basi usizidi sentimita 6 juu au chini. Mafundi wa kuchomelea wa hapa mjini wanaweza kazi hii vizuri. Kinachowapotosha ni minyororo: fundi hupenda kuikaza ili ionekane nadhifu. Mnyororo uliokazwa hukirudisha kisahani kwa mrushaji. Lazima ulegee, na uwe wa safu mbili, ya nje na ya ndani, ile ya ndani ikikaa mkabala na nafasi zilizoachwa na ya nje. Safu ikiwa moja, mrusho wenye nguvu unapenya katikati na kutokea upande wa pili.

Nguzo isizikwe moja kwa moja. Zika bomba pana kidogo ndani ya zege, shimo la kina cha sentimita 60, kisha chomeka nguzo ya kikapu ndani yake na ufunge kwa kufuli. Faida ni mbili: kikapu kinahamishika nyasi zikichoka, na kinaweza kutolewa kupelekwa kwa fundi. Kufuli ni lazima, kwa sababu chuma cha kilo nyingi hivyo kinawavutia wakusanya vyuma chakavu. Kwenye luseni, yaani udongo wa kichanga, ya mwinuko zege linakaa. Kule bondeni kwenye udongo wa mbuga, ardhi hututumka wakati wa mvua na kupasuka kiangazi, na ndiyo iliyokilaza kikapu cha shimo la 8. Kimehamishiwa juu, karibu na mawe.

Vituo vitatu vya kurushia vimemwagwa zege: upana mita 1.5, urefu mita 3, unene sentimita 10. Kila kimoja kilikula mifuko 3 ya saruji ya kilo 50, kwa kipimo cha ndoo moja ya saruji, mbili za mchanga na nne za kokoto, kikamwagiliwa siku 7. Mwambieni fundi mapema asipige niru. Uso laini ukilowa, mguu wa mbele unateleza na goti linaumia. Zege likiwa bado bichi lipitishiwe fagio la chelewa kwa upana, yaani kukingama na mwendo wa mrushaji. Ukingo wa mbele nao ulingane na ardhi, maana hatua ya mwisho baada ya kurusha huangukia nje ya zege.

Mashimo ya 3 na 4 hayatapata zege. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, na kamati haitaki chama kianze kubishana na sheria hiyo kwa ajili ya kituo cha kurushia. Hapo tunashindilia moramu, na itabidi kurudia kila baada ya masika.

Sasa naomba msikilize kuhusu maji. Visahani vingi huzama. Mtu akiona chake kimeangukia kwenye maji ya magotini, anavua viatu na kuingia. Msiingie. Ziwa hili lina kichocho: vimelea vinavyotoka kwa konokono wa maji hupenya ngozi nzima isiyo na jeraha, na huwa vingi kuanzia asubuhi ya saa nne hivi hadi alasiri, muda uleule tunaocheza. Chama kimetengeneza reki ya mpini mrefu yenye kamba ya nailoni, na inakaa kwa mlinzi wa bustani. Itupe mbele ya kisahani, iache izame, uvute polepole. Penye magugu maji iachie hapo hapo. Aliyekwisha kuingia majini aende kituo cha afya akapimwe, dawa ipo. Kimchezo ongeza mrusho mmoja wa adhabu, kisha rudia ulipokuwa au cheza ndani ya mita moja kutoka pale kisahani kilipovuka ukingo.

Mawe yetu yanakula plastiki laini. Kingo zikichanika, msasa mwepesi wa kuondoa makali unaruhusiwa. Kukisugua kisahani mpaka kiruke tofauti hakuruhusiwi, na katika mashindano ya chama kitakataliwa.

Mkutano huu unaombwa kuamua mambo mawili. La kwanza, shimo la 7 lifungwe Jumapili alasiri, wakati familia zinapotandika mikeka chini ya miembe iliyo mbele ya kikapu chake. Kamati inapendekeza lifungwe, na siku hiyo tucheze mashimo 8. La pili, kila mwanachama achangie nguvu kazi ya kupaka vikapu rangi ya kuzuia kutu kabla ya vuli. Kwanza msasa, kisha rangi, minyororo isiguswe kabisa. Rangi ikikauka kwenye viungo vyake inaibana, na kazi yote ya kuilegeza itakuwa imepotea.

Mwenyekiti