Zile karatasi zako mbili za maabara

Shoga yangu Zuhura,

Salaam nyingi. Bi Mkubwa hajambo? Naandika mbiombio kwa sababu ujumbe wako wa jana umenikosesha raha: ati kingamwili zako za korona zimeanguka kutoka 420 hadi 95 ndani ya miezi minne, na Athumani kakwambia kinga imekwisha. Athumani ni bingwa wa injini, lakini hili amelikosea.

Hebu zitoe zile karatasi. Ya kwanza imeandikwa AU/mL, ya pili U/mL. Ni mashine za kampuni mbili, kila moja na kizio chake, kama fundi mmoja apime kitambaa kwa wari na mwenzake kwa mita. Ya kwanza, ya Abbott, zidisha kwa 0.142 upate BAU, kizio cha pamoja cha Shirika la Afya Duniani: 420 yako ni kama 60. Ya pili, ya Roche, U moja inakaribia BAU moja, kwa hiyo 95 ni 95 hivi. Hakuna kilichoanguka! Wala usiseme zimepanda. Mashine ya Roche huhesabu kingamwili za aina zote, si aina moja ya IgG pekee kama ile ya Abbott, na huzipa uzito zile zinazokishika kirusi barabara, ambazo huzidi kadiri miezi inavyokwenda. Ukitaka kujua mwendo wake, rudi maabara ileile, mashine ileile.

Ile karatasi ya tatu uliyonitajia, iliyosema "hakuna", isikutishe. Imepima kingamwili za protini ya N, iliyo ndani ya kirusi, si za mwiba wa nje kama zile mbili. AstraZeneca uliyochanjwa hufundisha mwili ule mwiba wa nje tu, kwa hiyo N kwako ingetoka kwenye ugonjwa wenyewe. Nazo hufifia; kwenye kipimo cha Abbott cha N, ambacho mpaka wake wa kusema "zipo" ni 1.4, wengi waliougua hushuka chini ya hapo baada ya miezi kadhaa. Haifuti ugonjwa wako wa Juni.

Na hata zingeshuka kweli, ndiyo kawaida. Seli zinazomwaga kingamwili kwa wingi baada ya ugonjwa hufa mapema. Chache huhamia kwenye uboho wa mifupa na kuendelea kutoa kidogokidogo. Seli B za kumbukumbu, zinazokumbuka kirusi na kutengeneza kingamwili upya kikirudi, hubaki, nyingine zikiongezeka hata mwezi wa sita, na hakuna kati ya vipimo vyako vitatu kinachoziona.

Ila, Zuhura, usiigeuze 95 kuwa hirizi. Hakuna namba iliyokubaliwa kwamba ukiivuka huambukizwi. Omicron, aina mpya ya kirusi, ilipokuja Novemba 2021 na mwiba uliobadilika, iliwapata hata wenye namba kubwa, ingawa wengi wao hawakuzidiwa. Wasiwasi wangu ni Bi Mkubwa. Anayesafishwa damu kwa mashine kwa sababu ya figo, kama yeye, mwili wake huitikia chanjo kwa unyonge, na kingamwili zake huisha haraka. Namba yako haimkingi yeye. Ukianza mafua, jipime antijeni, kile kipimo cha haraka cha puani, rudia baada ya siku mbili hata ikiwa hasi, vaa barakoa, fungua madirisha.

Je, mara ya mwisho alichanjwa lini, na ya aina gani? Daktari wake wa figo ameshasema chochote kuhusu dozi nyingine? Nani humpeleka kusafishwa, bado Mama Salma? Naye kachanjwa? Na ile karatasi ya PCR, kipimo cha maabara cha kirusi chenyewe, ya Juni, unayo bado? Nipigie picha zote nne, vizio vionekane.

Wako,
Rukia