Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu: Mwaka wa Vijana

Ndugu wanachama, wazee wetu, mama zetu, na nyinyi vijana mliojipanga huko nyuma ya ukumbi, asalaam alaikum na bwana asifiwe.

Mkutano mkuu uliopita ulituagiza tuwape vijana ratiba yao wenyewe. Wengi tulidhani watachagua ngoma na mpira. Wakachagua kukutana Jumamosi jioni kujifunza habari za vijana wa Australia ambao kwa sanaa, fikra au harakati wameibadilisha nchi hii wakiwa bado wadogo. Jambo hilo limetawala mwaka wetu wote hapa Queensland, katika miji ya Brisbane, Logan na Ipswich, kwa hiyo nitalisema kwa urefu. Mengine nitayapitia haraka.

Walianzia karibu na nyumbani. Mwaka 2014, hapa hapa Brisbane, Nic Marchesi na Lucas Patchett, wote wakiwa na miaka 20, walifunga mashine za kufulia na za kukaushia ndani ya gari kuukuu, wakaanza kuzunguka kuwafulia bure watu wasio na makazi. Ndio waanzilishi wa Orange Sky, na mwaka 2016 walipewa tuzo ya Kijana wa Mwaka wa Australia. Kilichowagusa vijana wetu zaidi ni viti. Nguo zikiwa ndani ya mashine, mwenye nguo na aliyekuja kujitolea hukaa pamoja wakazungumza, na mazungumzo hayo yamekuwa na uzito sawa na ufuaji wenyewe. Sisi tuliozoea kumkaribisha mgeni akae kabla ya kumuuliza shida yake tunaelewa vizuri kazi hiyo.

Kisha wakafika Kakuma, kambi ya wakimbizi iliyoko Kenya. Humu ukumbini wamo waliopita kambi ile, na wamo wenye ndugu huko mpaka leo. Awer Mabil alizaliwa Kakuma mwaka 1995, wazazi wake wakiwa wamekimbia vita Sudan Kusini, akaja Australia mwaka 2006. Mnaikumbuka penalti yake dhidi ya Peru mwezi Juni 2022, ile iliyotangulia golikipa Redmayne kuokoa mkwaju wa mwisho na Australia kwenda Kombe la Dunia. Alisema baadaye kuwa alijua lazima afunge, maana hiyo ndiyo njia ya kuishukuru Australia kwa niaba ya familia yake. Lakini kabla ya usiku ule, yeye na kaka yake walikuwa wameshaanzisha Barefoot to Boots, wakipeleka viatu vya mpira na misaada mingine kambini. Mwaka 2023 tuzo ya kijana wa mwaka ikawa yake. Kutoka Kakuma hiyo hiyo alikuja Nyadol Nyuon, aliyefika hapa mwaka 2005 akiwa na miaka 18, akasomea sheria. Mwaka 2018, wanasiasa na magazeti walipokuwa wakivuma na habari za “magenge ya Waafrika” Melbourne, alikuwa miongoni mwa waliosimama hadharani kuwatetea watoto wetu. Alitukanwa sana kwa hilo. Binti zetu wamesoma habari zake, na nimewaona wakibadilika namna wanavyouliza maswali.

Upande wa sanaa nitamtaja Baker Boy tu. Kijana huyu wa Arnhem Land, kaskazini mwa Australia, anarap kwa Yolngu Matha, lugha ya kwao, akichanganya na Kiingereza. Alikuwa Kijana wa Mwaka mwaka 2019, na mwaka 2022 albamu yake ikashinda tuzo ya ARIA ya albamu bora. Wazazi tumelalamika miaka mingi kwamba watoto wanaona haya kuongea Kiswahili mbele ya wenzao. Tumewagombeza, tumewabembeleza, tumewafungulia darasa la Jumapili. Basi mwaka huu, bila sisi kusema neno, wameandika mashairi yao kwa Kiswahili na kuyaghani kwenye sherehe yetu ya Desemba. Kiswahili chenyewe kina mchanganyiko wa Bukavu, Kigoma na Mombasa, na kimejaa Kiingereza. Nilifurahi mno. Wenye nyimbo zilizorekodiwa wajue kuwa triple j Unearthed, jukwaa la muziki la redio ya taifa ya vijana, hupokea kazi za wasanii wasio na jina, bila malipo.

Sasa nifike kwenye jioni iliyotugawa.

Vijana walileta kesi ya hapa Queensland. Kundi la vijana liitwalo Youth Verdict liliupinga mgodi wa makaa ya mawe wa kampuni ya Waratah Coal katika bonde la Galilee. Walikwenda Mahakama ya Ardhi wakiwa na Sheria ya Haki za Binadamu ya 2019 mkononi, wakidai kuwa makaa hayo yatazidisha joto na kuvunja haki za watoto na za wenyeji wa asili. Mahakama ilisafiri kuwasikiliza mashahidi kwenye ardhi yao wenyewe, hadi visiwa vya Torres Strait. Novemba 2022 ikapendekeza mgodi ukataliwe. Murrawah Johnson, binti wa Wirdi, watu wa asili wa hapa, na mmoja wa viongozi wa kundi hilo, alipata tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2024.

Baadhi ya wazee waliondoka kabla chai haijaletwa. Mzee mmoja aliniambia mlangoni: “Mwenyekiti, sisi tumetoka Uvira na Bujumbura. Tunajua mtoto anayeishitaki serikali analala wapi.” Sitaki mtu yeyote humu aidharau hofu hiyo. Imelipiwa kwa makaburi. Hata mgomo wa wanafunzi wa Novemba 2018 wa kudai hatua za tabianchi, ulioanzia Castlemaine, Victoria, ni mgumu kwa mzazi anayefanya zamu za usiku ili mwanawe asikose hata kipindi kimoja.

Lakini nawaomba wazee mfikirie kesi ya pili. Anjali Sharma na wenzake saba, wote wakiwa bado wanafunzi, walimshitaki waziri wa mazingira wakisema ana wajibu wa kuwakinga na madhara ya tabianchi. Mwaka 2021 jaji alikubaliana nao. Machi 2022 mahakama ya rufaa ikatengua. Walishindwa. Kwa kuwa hawakutimiza miaka 18, sheria ilidai mtu mzima asimame kwa niaba yao, na aliyekubali ni mtawa, Sista Brigid Arthur, akiwa na zaidi ya miaka 80. Hakuwaandikia hoja zao wala hakuwazuia. Aliweka jina lake na umri wake mahali walipohitaji mkubwa. Ukubwa ni jalala, na mimi naamini chama hiki kina watu wazima wa namna hiyo.

Michango ya misiba imeendelea kama kawaida, darasa la Kiswahili halijasimama, na kodi ya ukumbi imelipwa. Mweka hazina atasoma hesabu baada yangu.

Kamati inaleta hoja tatu. Kwanza, katiba irekebishwe ili viti viwili vya kamati kuu viwe vya wanachama chini ya miaka 25, wenye kura kamili. Tumewatuma kupanga meza na kupiga picha vya kutosha. Pili, kamati ya vijana ipewe fungu lake dogo, ilitumie itakavyoona, kisha itoe hesabu kama sisi wengine. Tatu, chama kipendekeze jina la kijana wetu kwa tuzo ya Kijana wa Mwaka. Tuzo hiyo ni ya wenye miaka 16 hadi 30, na mtu yeyote anaruhusiwa kupendekeza. Tunaye binti wa Logan anayewasindikiza kina mama hospitali na kuwatafsiria, na tumeshapata idhini yake.

Hoja ya kwanza itaelezwa na vijana wenyewe. Naomba wasikatizwe hadi wamalize, kisha wazee waliokuwa na pingamizi wapewe nafasi ya kwanza kujibu.

Naomba kuwasilisha.