Fungu la aliyekufa: barua ya wazi kwa vijana wa meza ya Jumamosi, Walukuba

Wajukuu zangu,

Nawaandikia hadharani kwa sababu lililotokea barazani kwangu Jumamosi iliyopita si lenu peke yenu. Popote vijana wanapoketi kucheza Dungeons & Dragons, mchezo huu wa dadu ambamo kila mtu huendesha mhusika wake katika hadithi, iwe Kampala, Mbale au hapa Jinja, siku moja mhusika atakufa, na watu watatazamana wasijue pointi, zile zinazompandisha mhusika ngazi, zigawiwe vipi.

Nianze na yaliyotokea, maana tayari nasikia yanasimuliwa kwa namna tofauti. Mlikuwa watano darajani. Vibwengo kumi na wawili mbele, mazimwi mawili nyuma yao. Askari wa mwenzenu akabaki katikati ya daraja kuziba njia ili ninyi wanne mvuke. Mkavuka, mkageuka, mchawi wenu akawamaliza maadui kwa moto kutoka ng'ambo. Askari alikwisha kuanguka. Akarusha dadu za kupigania uhai, akashindwa mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Basi.

Mwongoza mchezo akajumlisha. Kila kibwengo pointi 50, kila zimwi 450, jumla 1,500. Akagawa kwa wanne, akaniambia niandike 375 kwa kila aliye hai. Kwa marehemu akasema nipige mstari. Kisha kijana mwenye askari akaelezwa kwamba wiki ijayo aje na mhusika mpya wa ngazi ya kwanza, pointi sifuri. Akakusanya dadu zake, akaaga kwa adabu, akashika njia ya Masese kwa miguu. Usiku ule sikupata usingizi, kwa kuwa mimi ndiye niliyeshika kalamu.

Sasa itazameni hesabu ile tena, polepole. Mngegawa kwa watano, kila mmoja angepata 300. Mligawa kwa wanne, mkapata 375. Kila mmoja wenu amepata pointi 75 za ziada kwa sababu mwenzake amekufa. Aliyewafunikia mgongo ndiye aliyewaongezea. Sidhani hata mmoja wenu aliwaza hivyo, lakini hesabu haiulizi mtu amewaza nini. Ikirudiwa wiki baada ya wiki itawafundisha kusita kidogo kabla ya kumpa mwenzenu dawa ya kumwinua.

Mnajua kwamba miaka kumi na saba nimekuwa mweka hazina wa chama chetu cha kuzikana, munno mukabi, hapa mtaani. Tulikuwa kumi na wanane, kila mmoja akiweka shilingi 5,000 kwa wiki, tukigawana Desemba. Mwaka mmoja mama mmoja wetu alifariki mwezi wa kumi, akiwa amekwisha kuweka wiki 41. Hizo ni shilingi 205,000. Katika kikao akasimama mtu akasema kanuni inataja wanachama walio hai wakati wa kugawana, kwa hiyo fedha zirudi kwetu. Ingekuwa elfu kumi na mbili na kidogo kwa kila mmoja. Wengine walinyamaza, na kunyamaza kwao kuliniuma kuliko maneno ya yule aliyesema. Tulibishana mpaka giza likaingia. Mwishoni nilipeleka 205,000 zote kwa wanawe, na siku iliyofuata tukaiandika upya kanuni. Tangu hapo hakuna aliyeuliza tena swali hilo katika chama. Ndiyo maana niliposikia "wafu hawali" ikitamkwa mezani kwenu, nilishtuka.

Mwongoza mchezo, mjukuu wangu, najua hukufanya kwa ubaya. Uliniambia ndivyo wachezaji wa zamani walivyofanya, na ni kweli kwamba meza nyingi za zamani zilimrudisha mtu ngazi ya kwanza. Lakini mila ile ilikuwa na msingi wake. Mchezo ulipochapishwa Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson, pointi nyingi zilitokana na hazina: sarafu moja ya dhahabu, pointi moja. Na majedwali yalipanda kwa kujirudufu. Askari alitaka 2,000 kufika ngazi ya pili, kisha 4,000, kisha 8,000, kisha 16,000. Kwa hiyo wenzake walipokuwa wakitafuta zile 8,000 za kuwatoa ngazi moja hadi nyingine, mgeni akipata mafungu sawa na yao alikuwa amepanda ngazi tatu, amewakaribia. Jedwali lenyewe lilimvuta juu.

Ninyi mnatumia toleo la 2014, na jedwali lake ni jingine: 300 kwa ngazi ya pili, kisha 900, 2,700, 6,500 kwa ya tano, halafu 14,000. Nimeketi na daftari nikafuatisha. Tuseme kila Jumamosi kila mtu apate 300. Mhusika wa sifuri atafika ngazi ya tano Jumamosi ya 22. Wakati huo ninyi, mkianzia 7,100 zenu za leo, mtakuwa na 13,700, bado mko ngazi hiyo hiyo ya tano mliyo nayo sasa. Nakiri kwamba hapo utetezi wako una uzito: pengo la ngazi linazibika lenyewe. Lakini Jumamosi 22 ni miezi mitano. Kijana wa miaka kumi na saba aje kwangu miezi mitano kutazama wenzake wakicheza?

Na hatafika, maana atakufa tena kabla. Tufe la moto la mchawi hupiga dadu nane za nyuso sita, wastani wake 28. Mhusika wa ngazi ya kwanza ana uhai wa kama 10. Madhara yaliyobaki baada ya uhai kuisha yakifika kiasi cha uhai wake wote, amekufa papo hapo, hata zile dadu za kupigania uhai haruhusiwi kuzirusha. Maadui mnaowapanga kwa watu wa ngazi ya tano watamfagia kila wiki, nanyi kila wiki mtamwambia aanze upya.

Nimesikia pia hoja ya kwamba kifo kisipogharimu kitu, watu watacheza ovyo. Hoja hii naiheshimu. Toleo la 2000 kwa mfano lilimpunguzia ngazi moja aliyefufuliwa. Lakini kijana alikuwa na askari yule miaka miwili. Alimchorea sura, akampa mama, akampa deni kwa mfanyabiashara wa chumvi ambalo sote tulikuwa tukilifuatilia. Hayo yote yamekwisha darajani. Anayesema kijana yule hajalipa kitu hakumtazama uso alipokuwa akiikunja karatasi yake.

Mnajua kwabya lumbe, hapa Busoga na kule Buganda. Msiba ukitulia, ukoo unakusanyika, mrithi anasimamishwa mbele ya watu wote. Anapokea nafasi. Watoto wa marehemu wanamwita baba. Lakini hapokei kumbukumbu za marehemu wala marafiki wa ujanani mwake. Mhusika mpya namwona vivyo hivyo. Nafasi yake mezani ni ile iliyoachwa wazi, ngazi ya tano, si mlangoni pa kuingilia. Hajui siri alizozijua askari. Mfalme hamfahamu. Deni la chumvi si lake.

Kwa hiyo nasema hivi. Pointi za pambano zigawiwe kwa wote waliokuwa ndani yake, waliotoka na wasiotoka: 300 kwa watano. Msianze kupima nani alianguka dakika ya kwanza na nani ya mwisho, wala nani alikufa kishujaa na nani kwa papara. Mkianza mizani hiyo mwongoza mchezo atageuka hakimu wa mioyo ya watu, na hakuna meza inayodumu namna hiyo. Mhusika mpya aanze pale ngazi ya wenzake inapoanzia, 6,500, aongezewe lile fungu la pambano lililomuua mtangulizi wake. Anakuwa na 6,800, ninyi mna 7,100. Mtafika ngazi ya sita Jumamosi moja kabla yake. Hiyo ndiyo bei ya kifo katika daftari langu, na mimi naiona inatosha.

Kama mtataka kumfufua askari mwenyewe, huo ni uamuzi wake kwanza. Almasi ya sarafu 500 inayodaiwa na uchawi wa kufufua inunuliwe kwa mfuko wa wote, kwa sababu daraja lilivukwa na wote. Asichangishwe peke yake. Na mnakumbuka anaamka akiwa na upungufu wa nne katika kila rusho la kushambulia, la kujinusuru na la kupima uwezo, unaopungua mmoja kila anapolala usiku mzima. Kanuni imekwisha kumtoza.

Upanga wake na ngao yake nataka virudishwe. Niliona mikono ikinyooshwa kabla jina lake halijafutwa. Mhusika mpya anakuja na vifaa vyake vya kuanzia, hivyo vya marehemu ama mvizike naye, ama mmpelekee yule mama aliyemwandika. Mkivigawana, kila kifo kitawatajirisha, na tutarudi kwenye zile 75.

Kuna jambo dogo ambalo kwangu ni kubwa. Askari alikufa saa kumi, mchezo ukaendelea hadi saa moja usiku. Kwa muda wa saa tatu nzima kijana amekaa kwenye mkeka hana la kufanya, anawapitishia chai. Mtu akifiwa na mhusika wake, mpeni vibwengo avichezeshe. Mpeni mlinzi wa lango, mpeni sauti ya zimwi. Asibaki mgeni kwenye baraza aliloketi miaka miwili.

Meza zinazoacha pointi kabisa, zikapandisha wote pamoja hadithi inapofika mahali fulani, sina neno nazo. Labda nasi tutafika huko. Kwa sasa pointi tunazo, na daftari liko kwangu.

Alhamisi jioni mwongoza mchezo na mchawi mtakwenda Masese kwa miguu kama alivyokwenda yeye. Mtawasalimu wazazi wake kwanza. Kisha mtamwomba radhi na kumweleza hesabu mpya, na kama anataka kukasirika mwacheni akasirike. Nimeufuta ule mstari niliopiga, nikaandika 300 mbele ya jina la askari, na za kwenu nimezirudisha kutoka 375 hadi 300. Jumamosi njooni saa nane mchana, mwongoza mchezo aje mapema kidogo atie sahihi ukurasa huo. Nitakaanga kabalagala, na mkeka wake utakuwa palepale karibu na nguzo.

Jajja yenu,
Walukuba, Jinja