Kwa Viongozi Wapya wa Vyama vya Mzunguko, Mombasa

Wanangu,

Marahaba. Wengi wenu, kuanzia Likoni mpaka Kisauni, mmekabidhiwa daftari na muhuri wa vyama hivi vya kuchanga na kupokezana pesa kwa zamu, kabla ya kuelezwa kazi yenyewe. Naandika hasa juu ya mambo mawili: namna ya kuwafanya watu waseme, na namna ya kuhesabu pesa mbele ya macho yao. Hayo yakikaa sawa, mengine hurekebishika.

Kikao msikiweke Ijumaa adhuhuri wala Jumapili asubuhi, maana mtakuwa mmeshachagua nani asije. Baada ya alasiri ni wakati mzuri, mmalize kabla ya magharibi, na kama mna wenzenu wa ng'ambo ya feri wahesabieni muda wa kuvuka. Saa moja na nusu yatosha. Ajenda iwafikie watu siku 3 kabla. Hicho kipengele cha "mengineyo" kichungeni sana. Mwenye lake la kumkomoa mtu hulificha hapo. Jambo ambalo katibu hakulipokea kabla ya kikao kufunguliwa lingoje kikao kijacho.

Likifika jambo la kuamua, mwenyekiti aseme mwisho. Sisi watu wa Pwani tuna adabu zetu: mkubwa akishatamka, nani atamkatiza? Mtatoka mkidhani mmekubaliana, kumbe maneno yenyewe yanakwenda kusemwa barazani. Zungukeni mtu mmoja mmoja, dakika 2 kila mtu, mkianzia kwa mgeni au mdogo wa umri. Aliyenyamaza aulizwe kwa jina, na asiulizwe "una maoni gani?" maana atajibu hana. Mwulizeni, "Wewe unaona hili laweza kutukwamisha wapi?" Hapo amepewa ruhusa ya kupinga bila kumvunjia mtu heshima. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na ndani ya chama mshindo wenyewe ni mtu kuacha kuchanga. Mkishaamua, katibu asome kwa sauti: ni nini kitafanywa, na nani, lini.

Sasa pesa. Watu 20 wakichanga shilingi 500 kwa wiki, wa zamu yake anangojea 10,000. Wawili wakikosa, apata 9,000, na wiki ijayo naye hataona sababu ya kutoa zote. Vyama vingi hufa hivyo, bila mwizi hata mmoja. Ongezeni 50 juu ya kila mchango. Wote wakitoa, hiyo ni 1,000 kwa wiki kwenye mfuko wa dharura, na yaziba pengo la watu wawili. Aliyekosa atadaiwa na mfuko, si na mwenzake, na urafiki utabaki. Zamu zipangwe kwa kura ya vikaratasi mbele ya wote, isipokuwa viongozi, ambao wachukue mwisho. Aliyekwisha kupokea ndiye mwepesi wa kulegea, na kiongozi akiwa wa kwanza kupokea atamdai nani kwa uso upi?

Mweka hazina ahesabu kwa sauti, mtu mwingine arudie, kiasi kiingie kwenye leja na wawili watie sahihi kabla mtu hajavaa viatu. Aliyelipa kwa M-Pesa asiandikiwe kwa kuonyesha ujumbe kwenye simu yake, maana ujumbe hughushiwa. Tazameni taarifa ya akaunti iliyopokea. Wala akiba isilale kwenye simu ya mweka hazina, hata awe mcha Mungu namna gani. Simu huibwa, na watu hufa. Fungueni akaunti ya benki yenye watia sahihi 3, wawili wowote watoshe kutoa pesa, na wasitoke nyumba moja. Benki itataka cheti cha usajili, na Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022 inataka watu wasiopungua 10.

Kabla hamjaanza kukopeshana, zungumzeni juu ya riba waziwazi. Mwislamu anayeiona haramu huenda asiseme kitu, akajitoa tu. Mwaweza kukopesha bila nyongeza, mkopo usizidi akiba ya mkopaji mwenyewe. Mkiamua kutoza, andikeni mnatoza juu ya nini. Shilingi 6,000 kwa asilimia 10 kila mwezi, kwa miezi 3, huzaa 1,800 mkihesabu juu ya mkopo wote. Mkihesabu juu ya salio, naye akilipa 2,000 za mkopo kila mwezi, ni 600, 400 na 200, jumla 1,200. Tofauti hiyo ya 600 yatosha kuwafanya majirani wasisalimiane.

Asiyelipa afuatwe nyumbani na watu wawili, kwa upole. Jina lake lisitajwe kwenye kundi la WhatsApp. Aliyefedheheshwa hadharani harudi, na deni halirudi.

Na msingoje uchaguzi ndipo mtafute warithi. Katika kila vikao vinne, kimoja kiongozwe na makamu, na leja iandikwe na msaidizi wa mweka hazina. Siku ya kukabidhi, pelekeni benki kumbukumbu zilizotiwa sahihi ili majina yabadilishwe, na nambari za siri zote zibadilishwe siku hiyohiyo, mbele ya waliotoka na walioingia.

Wasalaam,
Mzee wenu, Majengo