Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa LATRA (Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini): begi nalo lipewe namba

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

YAH: NAMBA ZA MIZIGO KWENYE MABASI YA DAR ES SALAAM, LINDI NA MTWARA

Salaam kutoka Mikindani. Nianze na shukrani, nisije nikaonekana mlalamishi mtupu. Tiketi mtandao imetufaa. Jina langu, namba ya kiti na namba ya gari vyote vimo kwenye karatasi moja. Ila begi langu halimo. Likishaingia kwenye buti, hakuna anayejua ni la nani.

Buti la basi la kusini sijui kama umewahi kulitazama likifunguliwa usiku. Pale Mbagala Rangi Tatu utingo anapanga mizigo anavyojua mwenyewe: viroba chini, ndoo pembeni, mabegi ya shangazi kaja yanashindiliwa juu. Hayo ya shangazi kaja ndiyo yenye balaa, kwani miraba ni ileile, zipu ileile, na nusu ya abiria wanayo. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kutembea usiku mwaka 2023, buti linafunguliwa Kibiti, Somanga, Nangurukuru, saa nane za usiku, kwa tochi ya simu. Anayeshuka ananyoosha kidole, "Lile pale!" Utingo anavuta, anagonga bodi, gari hilo limeondoka. Mwenye begi yumo ndani, kalala.

Jirani yangu mmoja, mama muuza vitenge, aliteremka stendi ya Mkanaledi alfajiri akakabidhiwa shangazi kaja. Kuja kulifungua nyumbani, anakuta sare za shule na madaftari mapya. Mtaji wake wote ulishashuka njiani. Aliporudi kwa wakala wa basi akaoneshwa maandishi madogo chini ya tiketi: mzigo ni kwa hasara ya mwenyewe. Na huko Kilwa, bila shaka, kulikuwa na mzazi anajiuliza kama mwalimu atampokea mtoto aliyevaa kitenge.

Usidhani abiria tumekaa tu. Tunafunga kipande cha khanga kuukuu kwenye mshikio, na wenye viroba vya korosho wanashona mdomo kwa uzi wa nyavu wa rangi wanayoijua wao, ili ukifumuliwa waone. Wenye simu nzuri wanalipiga begi picha kabla ya kulipakia. Fedha, dawa na vyeti tunakaa navyo kitini. Jina na namba ya simu mimi huviweka ndani ya begi pia, maana maandishi ya maka peni hufutika, na namba iliyoandikwa nje wapo matapeli wanaoinakili stendi, kisha wanakupigia eti mzigo wako umekwama, tuma hela ya kuukomboa. Lakini khanga inanisaidia mimi nilijue begi langu. Haimlazimishi utingo kuuliza kabla ya kumpa mtu mwingine.

Anayepanda ndege kwenye uwanja wetu wa Mtwara anafungiwa begi karatasi yenye namba na herufi za kule liendako, naye anabaki na kishina chake. Kwa safari za kimataifa, Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999 umeweka mpaka siku: begi likifika limeharibika unalalamika ndani ya siku 7, na lisipofika kwa siku 21 unaruhusiwa kulidai kama lililopotea. Siombi makubwa hayo. Naomba mashine ileile inayotoa tiketi itoe karatasi mbili zaidi zenye namba moja, moja ibandikwe kwenye mzigo, nyingine abaki nayo abiria. Asiye na kishina asipewe mzigo mpaka ahakikiwe. Na mzigo ukishapewa namba, yale maneno ya hasara ya mwenyewe yasiuhusu tena, kwa sababu kampuni imekiri kuupokea.

Wenye mabasi watakuambia itawachelewesha. Waulize kuhusu vifurushi. Nikituma boksi la ng'onda kwa dada yangu Temeke, linaandikwa daftarini, linalipiwa, napewa risiti, na dada haoneshwi hata kona ya hilo boksi mpaka ajitambulishe. Muda wa kufanya hayo upo, kumbe. Kifurushi kinachosafiri peke yake kina karatasi, ila begi linalosafiri na mwenyewe halina!

Ombi langu la mwisho ni la wakati. Oktoba minada ya korosho ikishaanza, fedha zinaingia huku, na watu wanapanda kwenda Dar es Salaam kununua bidhaa na kurudi nazo. Mabuti hujaa kupita kiasi. Utaratibu huu ukijaribiwa kwanza kwenye njia yetu, kabla ya msimu huo, mtaona upesi kama unafaa kupelekwa mikoa mingine.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Abiria wa Mikindani, Mtwara

Nakala: Mkuu wa Mkoa wa Lindi, Mkuu wa Mkoa wa Mtwara