Barua kutoka Changamwe: kijani kimenikimbia

Changamwe, Mombasa
Jumapili usiku

Sahibu yangu,

Asalaam aleikum. Huku sote wazima, ila joto la kaskazi limetushinda, watu wanalala barazani. Uliponipigia kuniuliza kama bado nahangaika na vioo vyangu, nilikukatia maneno. Nisamehe. Kazi ya wiki mbili ilikuwa imefutika asubuhi ile ile.

Unajua riziki yangu ni kufunga sola mapaani. Paneli ya silikoni ikishapita nyuzi 25, kila nyuzi moja inayoongezeka inaila kama asilimia 0.4 ya nguvu yake. Na mwanga wenye wimbi refu kupita nanomita 1,100 hivi (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita), silikoni haiugeuzi umeme, unaichemsha tu. Ndiyo nikaingiwa na tamaa ya hologramu. Sizungumzii zile picha za kumetameta kwenye kadi za benki. Hiki ni kioo chenye utando mwembamba wa gelatini, unaochagua rangi fulani na kuielekeza kwenye seli za paneli, nyingine unaziacha zipite. Mchaguzi kwelikweli: jua likisogea, na rangi inasogea.

Gelatini ni ile ile ya jeli ya watoto. Nilimuuliza muuzaji mara mbili kama ni ya ng'ombe, mazoea tu, kwani nani ataila? Unaiyeyusha kwa maji moto, unatia dikromati ya amonia, kemikali inayoifanya ihisi mwanga, unaimwaga juu ya kioo chini ya taa nyekundu. Dikromati ni sumu, inaleta saratani. Navaa glavu, na sufuria yake haiingii jikoni kwa mama.

Kisha leza ya buluu inagawanywa miale miwili, mmoja unapiga kioo mbele, mwingine nyuma. Inapokutana ndani ya gelatini inachora matabaka, maelfu katika milimita moja. Dakika mbili nzima kitu kisitikisike. Changamwe hii, na malori ya bandarini! Nilijaza sanduku mchanga, nikalikalisha juu ya tyubu za tuktuk zilizotiwa upepo kidogo, nikawa naamka saa tisa usiku kuvizia barabara itulie. Vioo vinne vilitoka vitupu. Cha tano nikakiosha kwa maji, gelatini ikavimba, nikakipitisha kwenye spiriti mara tatu, kila mara kali zaidi, ili maji yatoke kwa ghafla. Nilipokikausha kwa feni ya nywele ya dada, kijani kikachomoza kutoka pembeni kama mafuta yanavyotanda juu ya maji. Nilipiga kelele nikaamsha nyumba.

Asubuhi nikakiegemeza dirishani, kikatupa doa la kijani ukutani. Mama akauliza nimeweka taa ya nini mchana. Siku ya tatu doa halipo. Si jua lililokiua, ni hewa yetu hii ya bahari: gelatini inakunywa unyevu, matabaka yanatanuka, rangi inatoroka. Kipande kingine nilikipulizia pumzi tu, kijani kikageuka chekundu, kikapotea, kisha kikarudi taratibu.

Kile cha tano nilikiloweka upya na kukipitisha tena kwenye spiriti, kikafufuka. Sasa nakwangua gelatini sentimita moja kila ukingo, nabandika kioo cha pili juu kwa gundi ya epoksi. Kina siku kumi na moja, bado kinang'aa.

Ndipo nakuhitaji wewe wa Voi, huko kukavu. Dereva wa matatu atakuletea bahasha yenye vioo viwili: kimoja kimefunikwa, kingine kiko uchi. Viweke dirisha la mashariki, na kila Ijumaa vipige picha ukutani saa mbili asubuhi. Tafadhali mwambie shemeji asikipanguse kile cha uchi kwa kitambaa kibichi.

Wako,
Fundi wa mapaani