Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama, madaktari wa binadamu na wa mifugo,

Nawashukuru mliofika, ijapokuwa viti vitupu ni vingi kuliko vilivyokaliwa. Semina, vikao vya kamati na ziara ya maabara vilifanyika kama kawaida. Mnavijua, sitawachosha.

Nije kwenye jambo lililozua maneno. Kamati, chini ya uenyekiti wangu, iliamua fedha za tafrija ya kufunga mwaka zilipie kuotesha sampuli za fangasi na kupima usugu wake kwa dawa. Wapo walionung'unika kwamba tumewanyima sherehe kwa ajili ya paka. Niliwasikia, leo mnisikie mimi.

Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa kwa mara ya kwanza orodha ya fangasi zinazopaswa kupewa kipaumbele: 19 kwa jumla, na 4 katika kundi la juu. Humo imo Candida auris, iliyotambuliwa Japani mwaka 2009. Imo pia Aspergillus fumigatus, inayozoea azoli, kundi la dawa za kuua fangasi, huko huko shambani, kwenye dawa za kunyunyizia mazao, kabla mgonjwa hajameza kidonge hata kimoja.

Na paka, basi? Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, fangasi iitwayo Sporothrix brasiliensis imesambaa Brazil kwa makucha na meno ya paka. Tiba yake ni itrakonazoli, mojawapo ya azoli, kwa miezi, na vimelea visivyoisikia vimeshapatikana. Uingereza waliugua watu watatu kutokana na paka mmoja aliyekuwa ametoka Brazil miaka mitatu kabla ya hapo: mwenye paka, binti yake, na daktari aliyempima paka huyo. Madaktari wa mifugo mliolalamika kwa sauti kubwa kuliko wote, huyo wa tatu ni mwenzenu.

Wenzangu wa upande wa binadamu nao wasicheke. Trichophyton indotineae, choa kilichoenea kutoka Bara Hindi, mara nyingi hakitibiki kwa terbinafini, dawa ya fangasi, na krimu zilizochanganywa na steroidi, dawa za kutuliza mwasho na uvimbe, zinalaumiwa kwa kukificha na kukieneza. Baadhi yetu bado tunaziandika kwa kukisia tu, bila kukwangua ngozi hata kidogo ili ipimwe. Nilisimamia uamuzi huu, na ningeusimamia tena. Tafrija ingekwisha usiku uleule.

Kuhusu ada, waliolipa hawafiki nusu. Wanaoongoza kuuliza fedha zimekwenda wapi ni walewale ambao majina yao hayamo kwenye daftari la risiti. Katiba inasema mwenye deni hapigi kura. Mwaka jana nilifumba macho kwa hisani yangu, leo sitafumba.

Mwakani tunatarajia, hali ikiruhusu, kuwa na fomu moja ya rufaa ili daktari anayemtibu mtoto mwenye mapunye ajue kama paka wa nyumbani amepimwa. Kamati ndogo itaundwa.

Mweka hazina amekaa mlangoni. Upigaji kura utaanza akishafunga daftari.